Nilimpima Mama Mkwe kwa Mkono Wangu, Nikasema Anaigiza

Admin, tafadhali ficha jina langu, na majina mengine nimeyabadilisha. Meru tunajuana sana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nimeolewa miaka ishirini na tatu, watoto watatu. Nauza chakula cha kuku na mbegu mjini. Sikurithi kitu. Nilianza na kuku kumi na wawili nyuma ya chumba cha kupanga huko Majengo, leo niko na mia nne na duka. Sisemi hivyo kwa maringo. Nataka mjue mimi ni mtu wa kuhesabu na kuhakikisha. Kuku akiacha kutaga, siku mbili haziishi kabla sijamjua ni yupi. Hiyo akili ndiyo iliyoniponza.

Miaka miwili iliyopita mama ya mume wangu alikuja kwetu kutoka Siakago akiwa na malengelenge ubavu wa kushoto. Yalikuwa yamejipanga kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, upande mmoja tu. Watoto walimwita Cucu, yaani nyanya, na mimi nikamwita hivyo. Tulimnunulia dawa ya kupaka kwa kemisti. Wiki ya nne yakakauka, yakabaki madoa, na mimi nikahesabu amepona.

Cucu hakupona. Alikuwa anaketi sebuleni amekunja blauzi upande mmoja, hata wageni wa kanisa wakiwepo, nami nasikia aibu. "Nguo inanichoma, mwana wakwa," ananiambia, yaani mwanangu. "Ni kama mtu ananipitishia moto." Mwezi wa tatu ukaisha, wa nne, wa tano, wimbo ni huo huo.

Siku moja nikimwinua kutoka kwa kiti, nilimshika pale pale penye madoa, kiganja kizima, kwa nguvu. Hakulia. Hata alishusha pumzi kama mtu amepata nafuu. Dakika chache baadaye ncha ya leso yangu ikamgusa hapo, akapiga kelele na machozi yakamtoka. Nikarudia jaribio hilo mara tatu, siku tofauti, na jibu halikubadilika. Nikamwendea mume wangu.

"Baba Wanja, mkono wangu haumuumizi, leso ndiyo inamuumiza. Hiyo ni hesabu gani?"

Mume wangu ni mpole, lakini aliniamini. Jumapili baada ya chakula akamwambia, "Mami, kama umependa kukaa kwetu, kaa. Lakini usituigizie."

Cucu hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Kisha akashusha blauzi na kufunga vifungo vyote, kimoja kimoja. Hakulalamika tena. Baada ya wiki mbili aliomba arudishwe Siakago. Mwaka uliofuata homa ya mapafu ikamchukua.

Sasa nisikilizeni. Miezi sita iliyopita nilianza kuchomwa ubavu, huo huo wa kushoto. Siku tatu nilidhani ni gunia nililobeba vibaya. Siku ya nne malengelenge yakatoka. Nilipojitazama kwa kioo, ngozi hiyo nilikuwa nimeiona kwa Cucu. Hata hivyo nilingoja siku za soko zipite, nikafika kliniki malengelenge yana siku sita.

"Huu ni mkanda wa jeshi," daktari akasema. "Uliugua tetekuwanga utotoni? Virusi vyake hubaki vimelala mwilini, nguvu zikipungua vinaamka." Alinipima ukimwi pia, sina. Nikapewa vidonge mara tano kwa siku, siku saba. Akaniambia ningekuja ndani ya siku tatu za upele vingenisaidia zaidi. Kwa hivyo wewe unayesoma, upele wa kuchoma ukijipanga upande mmoja, usingoje kama mimi. Ukitokea karibu na jicho, nenda siku hiyo hiyo.

Wiki ya tatu malengelenge yalikauka. Maumivu hayakuondoka. Nikijibonyeza kwa nguvu napata nafuu, lakini blauzi ikipepea kidogo tu nauma meno. Nilirudi kumuuliza daktari kama naenda wazimu. Akajibu akiendelea kuandika, "Mishipa ya fahamu iliumia. Kuguswa kidogo kunaweza kuuma kuliko kubonyezwa. Wazee ndio huteseka zaidi, wengine kwa miezi mingi."

Nikakumbuka kiganja changu na leso yangu kwa ubavu wa Cucu, nikachukua karatasi ya dawa nikatoka.

Tangu siku hiyo Cucu hajaniacha. Juzi nilikuwa sebuleni, binti yangu Wanja, ambaye tulimpa jina la Cucu kama desturi, akasimama mlangoni. "Mum, unakaa kama Cucu." Nilijiangalia, nimekunja blauzi upande mmoja.

Dawa ya mishipa niliyopewa inapunguza kama nusu. Hiyo nusu nyingine naimeza. Nikimwomba mume wangu alishe kuku asubuhi, ananiambia, "Si kidonda kimekauka? Umeanza mambo ya mami?" Wiki iliyopita alininyooshea mkono, akaweka kiganja pale pale, akabonyeza. Sikulia. Akacheka kidogo.

"Si unaona? Wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha."

Nilikuwa na maneno ya daktari mdomoni, nikayarudisha. Ndugu zangu, naumia na siaminiwi, na nina hasira, lakini hasira hiyo sijui niipeleke kwa nani. Nikimwambia mume wangu ukweli wote, ataamini maumivu yangu siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo atajua kwamba mama yake alikuwa anaugua kweli alipomwita mwigizaji, na kwamba mimi ndiye niliyemletea ushahidi. Cucu hayuko wa kuombwa msamaha. Kuomba Mungu naomba, msinijibu hilo. Nijibuni hili moja: nimwambie, au nifunge vifungo ninyamaze?