Mwamba Katikati ya Mistari Yangu

Kabla sijaeleza nilivyonaswa, nataka ijulikane kwamba kazi yangu naijua. Niliondoka nchini na cheti cha kidato cha nne na begi moja, nikaenda Ghuba kusugua sitaha ya meli ya kupima bahari. Miaka kumi na miwili baadaye nilirudi na stashahada ya upimaji wa bahari, niliyoisomea baada ya zamu katika chumba cha watu wanne, watatu wakikoroma. Sikusomeshwa na mjomba. Nyumba yangu ya Madale, ile iliyo juu kabisa kilimani, sikurithi hata tofali moja. Meza ninayotandazia ramani niliichora mwenyewe, nikawapelekea mafundi seremala wa Keko, wakaniuliza kama ukoo mzima utakula hapo. Nikawaambia hapo atakula mmoja tu, na chakula chake ni bahari.

Ofisini kwetu, kitengo cha serikali kinachoshughulikia njia za maji, ninaposimulia haya, hakuna mwingine aliyewahi kupanga upimaji wa sakafu ya bahari tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu hudhani ni suala la mashua na kamba. Sivyo. Chombo hutuma sauti mpaka chini, sauti inarudi, kompyuta inajua kina. Anayepanga huchora mistari ambayo mashua itaifuata, kwenda na kurudi, kama mtu anayefagia uwanja. Penye kina kirefu ufagio unakuwa mpana, mistari inaweza kuachana. Penye kina kifupi ufagio unakuwa mwembamba, na usipoibananisha mistari unaacha takataka katikati. Takataka ya baharini ni mwamba, na anayeikuta ni boti yenye abiria.

Kazi yenyewe ilikuwa ya njia ya maji ya pwani ya kusini, kule ambako zamani kulikuwa Temeke yote kabla wilaya hazijagawanywa. Boti za abiria zilikuwa zianze kupita hapo kwa ratiba, na kabla ya kuwekwa maboya ya kuonyesha njia, sakafu ilibidi ipimwe upya. Ramani iliyokuwepo ilikuwa ya kizamani, na katikati yake palikuwa na eneo jeupe lisilo na namba hata moja. Mashua ya kupimia ilikuwa ya kukodi, tuliahidiwa siku kumi, kisha inaondoka kwenda nchi nyingine. Mpango wangu wa kwanza ulihitaji siku kumi na mbili.

"Siku ni kumi," alisema bosi wangu, mama mtu mzima asiyerudia neno. "Mtaalamu ni wewe. Tafuta pa kupunguza."

Pa kupunguza palikuwa pale kwenye weupe. Kama pana kina cha kutosha, mistari ingeachana na siku mbili zingepatikana. Nikaenda kuuliza dikoni, mahali wavuvi wa upande ule wanaposhushia samaki.

Siku niliichagua kwa makusudi, na niliona nimefanya ujanja. Ilikuwa siku ya maji mafu, bahari inapopanda kidogo na kushuka kidogo. Siku hizo wavuvi wengi wako nchi kavu wanashona nyavu. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, usingempata hata mmoja wa kuzungumza naye. Walikuja wengi. Nilitandaza ramani juu ya mkeka, nikaweka kidole kwenye weupe.

"Hapo?" alisema mwenyekiti wa diko. "Hapo hapana shida, braza. Pima mbili na nusu, tatu. Sie tunapita na mashua zimejaa."

Wanaume wengine waliitikia. Nikaandika, nikihesabu pima moja karibu mita mbili. Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma, kanga kiunoni na mikono imekwaruzika kwa mawe, akainua sauti.

"Mbona hapo mie nakaa?"

"Unakaaje, mama?"

"Nakaa kitako. Nikienda pweza. Naweka tenga langu, napumzika, naendelea."

Wanawake wa pale huenda mwambani kwa miguu kuchokoa pweza. Hilo nililijua, lakini sikudhani lina uhusiano na boti. Nami nilikuwa mbele ya watu, nimevaa shati la ofisi lenye nembo kifuani.

"Mama," nikamwambia, "kiti unacho nyumbani. Bahari tuachie sie wenye vyombo."

Diko zima lilicheka. Mwenyekiti alinipiga begani. Yule mama hakucheka wala hakununa. Alifunga kanga yake vizuri zaidi, akaondoka. Katika muhtasari wa mkutano sikuandika maneno yake. Niliona ni kuchafua karatasi.

Nilitanua mistari. Siku kumi na mbili zikawa kumi. Bosi alinisifu mbele ya kitengo kizima, akaupeleka mpango juu ukasainiwe, nami nikawasimulia wenzangu ule mzaha wa kiti. Walicheka tena. Ninaeleza hivi kwa sababu nilifurahi, na sitaki kujifanya sikufurahi.

Wiki iliyofuata nilikuwa napanga saa za mashua kutoka na kurudi, nikafungua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Jicho langu likaangukia siku ya mkutano. Maji mafu kabisa. Nikashuka mpaka siku za bamvua, nikalinganisha maji ya kupwa ya huku na ya huku. Tofauti ilikuwa kimo cha mtoto wa chekechea.

Ramani ya mabaharia huandika kina cha maji yanapokuwa machache kabisa, ili nahodha asidanganyike. Wale wanaume walinipa kina cha maji wanayopita wao. Bamvua ikipwa, mashua zao ama ziko mbali kilindini ama zimelala mchangani, hazipiti pale. Mimi nikaandika namba zao kana kwamba ni za maji machache kabisa. Huko Ghuba maji yalikuwa yakipanda na kushuka kidogo tu, na kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimezoea kutouliza. Wanaopafahamu pale maji yanapokauka ni wanawake wa pweza peke yao. Na mmoja wao aliniambia.

Nikaweka mistari yangu juu ya ramani na kukisia mahali pa kiti chake. Kama alisema kweli, mwamba ulikuwa katikati ya mistari miwili, mashua ingepita kulia kwake na kushoto kwake bila kuuona. Kisha yangewekwa maboya, na nahodha angeambiwa njia ni safi. Boti ya ratiba haisubiri maji yajae.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Nikifungua mlango wa ofisi naona mpango wangu umebandikwa ukutani, mistari imenyooka, mtu amechora nyota pembeni kwa kalamu nyekundu. Nikienda kuchukua chai, mwenzangu ananiita "Mzee wa siku kumi". Nilitunga sentensi za kumwambia bosi, na kila sentensi ilinirudisha kwenye ule mkutano na kile kicheko. Ningesema namba zina wasiwasi, angeuliza wasiwasi umetoka wapi. Ningesema umetoka kwa mtu, angeuliza mbona hayumo kwenye muhtasari. Hakukuwa na mlango ambao sikuwa nimeufunga mwenyewe. Nyumbani mke wangu alinitazama nikizungusha ugali kwenye sahani, akasema, "Baba watoto, una jino au una neno?"

"Jino," nikamwambia.

Siku ya bamvua niliomba ruhusa kwenda hospitali, nikaenda dikoni alfajiri. Yule mama alikuwa na wenzake watano, matenga kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama miguuni. "Leo umekuja na kandambili. Vyombo umeviacha wapi?"

"Ninacho kimoja." Nikamwonyesha kifaa changu cha kupimia mahali, kidogo kama simu. "Naomba unipeleke pale unapokaa."

Mmoja wao akapiga vigelegele. "Jamani, mtaalamu kachoka kusimama!"

Tulitembea karibu saa nzima juu ya mwamba, mawe yakinichoma, wao wakiniacha nyuma na kunisubiri kwa dharau ya taratibu. Mwisho wa mwamba palikuwa na mfereji, tukauvuka maji yakiwa magotini. Ng'ambo yake kulikuwa na jiwe jeusi limetoka juu ya maji, ukubwa wa chumba cha kupanga, limebonyea katikati. Pande zake nyingine tatu bahari ilikuwa ya bluu nzito. Nikawasha kifaa. Nilikuwa katikati ya mistari yangu.

"Karibu kiti," alisema yule mama.

Nilikaa. Nikakiweka kifaa gotini kianze kuhifadhi mahali pa mwamba.

Walichokoa pweza wao, wakapata wawili, kisha akaita, "Maji yamegeuka. Twende."

Nikamjibu kwamba kifaa kinahitaji saa moja zaidi ili namba zitulie. Ilikuwa kweli. Ilikuwa pia kweli kwamba sikutaka kuambiwa na mtu saa ya kuondoka baharini, mimi niliyekula chumvi miaka kumi na miwili. Wao wakavuka, wakaendelea kuchokoa ng'ambo. Namba zilipotulia nikainuka, nikakuta mfereji umekuwa mto.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote kazini, huku wala kule. Sijui kuogelea. Melini tulivaa maboya vifuani, na meli ilikuwa kubwa, na aliyesugua sitaha hakuna aliyemuuliza. Nilisimama juu ya lile jiwe nikiona linapungua. Lilikuwa chumba, likawa kitanda. Maji hayakuja kwa fujo. Yalikuja kama watu wanaoingia msibani, kimya, mmoja mmoja, wakijaza nafasi. Kifaa mkononi kilikuwa kimehifadhi mahali pa mwamba kwa usahihi ambao ningeweza kujivunia popote duniani, na hakuna mtu aliyejua nipo pale ila wanawake sita, na mmoja wao nilimcheka.

"Vuka sasa!" alipiga kelele yule mama toka ng'ambo.

"Siwezi!"

"Huwezi nini?"

Nilirudi hatua moja nyuma juu ya jiwe. Akanielewa. Alitua tenga, akaingia majini na fimbo yake ndefu ya pweza, akaja mpaka maji yakamfika kifuani, akanyoosha fimbo.

"Shika. Usitazame maji, tazama mgongo wangu. Miguu iburuze, usiinyanyue."

Nilivuka hivyo, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeinua kifaa juu ya kichwa, maji yakinigusa kidevu. Tulipofika upande wa pili hakuna aliyenitania. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kesho yake nilimwekea bosi namba zote mezani. Alizisoma mara mbili.

"Kuna karatasi mbili," akasema. "Ya nyongeza na ya sahihisho. Nyongeza ni kwa taarifa mpya. Inakwenda kwenye kamati, na kamati inakaa mashua ikiwa imeshaondoka. Sahihisho ni kwa kosa la mpangaji. Hilo nalipitisha mimi, leo hii, na siku mbili nitaziomba kwa wenye mashua. Lakini mpangaji aliyekosea haongozi kazi. Huo ndio utaratibu, mdogo wangu. Sasa niambie. Hii taarifa ni mpya?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema ni mpya, ningeitwa mtu aliyekwenda kwa miguu yake mwenyewe kutafuta mwamba, na wangebandika nyota nyingine. Na mashua ingepita kulia na kushoto.

"Si mpya," nikasema. "Niliambiwa kwenye mkutano. Sikuiandika."

"Nani alikwambia?"

"Mama mmoja."

"Mama mmoja nani? Hapa pana nafasi ya chanzo cha taarifa. Siwezi kupitisha 'mama mmoja'."

Nilikuwa nimemcheka mbele ya watu, nimekaa kwenye jiwe lake, nimevushwa kwa fimbo yake, na sikuwa nimemuuliza jina. Nikampigia simu mwenyekiti wa diko, bosi akiwa amekaa mbele yangu.

"Yule wa pweza?" mwenyekiti alicheka. "Umefanya nini tena, braza? Subiri, huyu hapa anapita."

Nikasikia upepo, kisha sauti yake. "Haya."

"Shikamoo mama. Naomba jina lako. Ni la kuandika kwenye karatasi ya serikali, kwamba wewe ndiye uliyeonyesha mwamba."

Akainua sauti juu ya upepo. "Yataka jina moja au yote?"

"Yote, mama."

Akataja la kwake, la baba yake na la babu yake, taratibu, kama mtu anayehesabu pweza kwenye tenga.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma nisikie."

Nikasoma, mpaka la babu.

"Na lako limo?"

"Limo, mama. Lipo chini yake."

"Limeandikwa kwa ajili ya nini?"

Bosi alikuwa ananitazama. Niliishika karatasi kwa mikono miwili, nikamsomea na mstari wa kosa la mpangaji pia, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika mpaka meza ya jirani.