Saidati na Vidonge vya Safari ya Usumbura

Mjini Gisenyi, miaka ile ya hamsini, harusi ya Waislamu bila sauti ya Saidati ilikuwa kama chai isiyo na sukari. Alikuwa mjane wa makamo, mshonaji wa nguo za kike, na alipoimba kwa mdundo wa dufu hata wavuvi ufukweni waligeuza shingo. Sifa zake zilishuka mpaka Usumbura, mji wa joto kwenye bonde la Ruzizi, na huko akaalikwa pamoja na kundi lake la wanawake.

Safari ya kwanza ilimwachia jeraha. Walirudi wazima, wakicheka, na kanga mpya begani. Kisha, walipokwisha kusahau vumbi la njia, mpiga dufu wake Mukamusoni akaanza kutetemeka juani. Watu wakasema amerogwa. Wakahangaika na waganga hata homa ikampanda kichwani, na walipomfikisha hospitali maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Saidati ndiye aliyemwosha maiti. Tangu siku ile hakulitaja jina lake.

Mwaliko wa pili ulipokuja, hakukubali wala hakukataa. Kwanza alikwenda kwa Bizimana, muuguzi wa zahanati, akamuuliza kwa nini bonde la Ruzizi linawaua watu wa milimani.

"Huku kwetu iko baridi, mbu ni kidogo," Bizimana akamwambia. "Kule chini iko mingi, na damu yenu haijazoea malaria. Kila mutu aje nimupimie nivakini, vidonge vya kuzuia ile homa. Mutameza mbele ya kwenda, mukiwa kule, na mukisharudi pia, mpaka niwaambie basi. Ule mududu wa malaria unajificha mwilini, mama. Haujui kama safari imeisha."

Wanawake waliposikia, minong'ono ikazuka. Mukandutiye, aliyeolewa juzijuzi, alisema waziwazi: "Mi sitaki! Wanasema ile dawa inafunga kizazi."

"Basi baki, mwanangu. Sikukasirikii," Saidati akajibu. "Lakini asiyemeza, mi simupandishi kwenye lori."

Mukandutiye akameza, uso umekunjamana kama aliyeng'ata ndimu.

Usumbura waliimba, wakatunzwa vizuri. Kazi ngumu ilikuja baada ya kurudi. Kila Ijumaa Saidati alipita nyumba kwa nyumba na vidonge alivyokabidhiwa na Bizimana, na wengine wakijificha jikoni walipomwona. Kwa Mukandutiye alizuiwa mlangoni na mume, Kadiri.

"Donc, yaani, mama, safari haijaisha? Muke wangu iko muzima. Utamulisha uchungu mpaka lini?"

Majirani walikuwa wanatazama. Aibu ilimchoma Saidati, maana hakuzoea kufukuzwa mlangoni mwa watu. Lakini hakuondoka. Aliketi kizingitini.

"Kadiri, Mukamusoni pia alirudi muzima. Akapika, akacheka, akaniomba sindano ashone gauni. Mi nilimuosha kwa hii mikono. Sitaki kumuosha muke wako."

Kadiri aliuachia mlango. Mukandutiye alitoka ndani na kikombe cha maji, akanyoosha kiganja.

Katika kundi lote, homa ilimshika mmoja tu, naye ni Saidati mwenyewe, ingawa hakuruka kidonge hata kimoja. Maneno yakaenea mtaani: si mnaona, dawa yenyewe haina kazi! Yalimuuma kuliko homa. Hata hivyo hakutaka mganga wala hakungoja kesho. Alijikongoja mpaka hospitali akimwegemea Mukandutiye, damu ikapimwa, akatibiwa mapema. Haukupita muda akawa anakaa kitandani na kudai uji.

"Sasa utasema nini, mama?" wakamuuliza waliokuja kumpa pole.

"Mwenye mwavuli pia hulowa miguu," akasema. "Lakini nani ameutupa mwavuli kwa sababu hiyo?"

Mwaliko wa tatu ulipofika, Saidati alikwenda zahanati kumpa Bizimana habari, akawakuta wanawake wake wamekwisha kupanga foleni ya vidonge. Mukandutiye alikuwa mbele, mtoto wake kifuani ananyonya, anamgombeza mwenzake aliyekuwa anasitasita.