Niliandika Musoma Kwenye Karatasi Zote Mbili

Nimekosa. Nianzie hapo hapo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitajitetea mpaka mnionee huruma. Nilichakachua kura. Wala si kura ya serikali ya mtaa, ambayo angalau ningepata wenzangu. Nilichakachua kura ya Mungu!

Jina langu siliweki. Mtoto wangu mkubwa tumwite Neema, ingawa siyo jina lake, kwa hiyo mimi ni Mama Neema na mume wangu ni Baba Neema. Ninyi mnaosali pale Kamunyonge mkinitambua, nawaomba mnyamaze mpaka mfike mwisho.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja Musoma. Lori likauzwa, na dereva hakuuzwa nalo. Akakaa nyumbani miezi minane. Alikuwa anaamka saa ile ile ya kazi, ananyoa ndevu, anavaa viatu, halafu anakaa kwenye kiti anaangalia ukuta. Tuliishi kwa cherehani yangu, vyumba viwili vya kupanga mtaani Nyasho, watoto wawili, na mimi nashona sare za kwaya na kupunguza viuno vya suruali za mitumba.

Mama mkwe wangu ni mjane, kwake ni Butiama. Ana shamba zuri la muhogo na mahindi, na ng'ombe wanne. Akatuma neno kwamba turudi nyumbani, chakula kipo na ardhi ipo. Baba Neema alitaka kwenda. Hakusema, lakini siku moja nilimkuta amezitoa buti zake za shamba uvunguni, anazifuta vumbi, na hakuna mtu aliyemtuma.

Mimi sikutaka. Nilisema ni kwa sababu ya wateja wangu na shule ya watoto. Uongo mtupu! Sababu ilikuwa mama mkwe. Si mtu mbaya, jamani. Lakini mara ya kwanza nilipompikia ugali, aliubonyeza kwa kidole, akaniuliza kwa upole kabisa kama kwetu ugali tulikuwa tunakunywa. Imepita miaka kumi na moja na bado nasikia. Nikajiona naamka kila siku mbele ya yule mama, jembe mkononi, nikahisi homa inakuja.

Basi tukakubaliana tumwombe Mungu atuonyeshe njia. Tukafunga siku tatu. Siku ya pili mimi nilionja mboga kuangalia chumvi, nikaionja sana. Siku ya tatu mchana Baba Neema akasema hata mitume walipokwama walipiga kura, na sisi tupige. Mwandiko wake unafanana na nyayo za kuku, kwa hiyo akaniambia niandike mimi, karatasi moja Butiama na nyingine Musoma. Yeye akapiga magoti, akafumba macho, akaanza kuomba.

Hapo ndipo nilipoharibu. Karatasi ya kwanza niliandika MUSOMA. Nikachukua ya pili, huku nasikia mume wangu anamwambia Mungu kwamba sisi ni watoto wake na hatujui pa kwenda. Nikaandika MUSOMA tena. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilijiambia kwamba Mungu akitaka Butiama atabadilisha wino mwenyewe, Yeye hashindwi na jambo!

Tukazitia kwenye kofia yake ya Jumapili. Akachomoa, akasoma. Uso ukamshuka, halafu akaunyanyua kwa nguvu, akasema basi, Bwana amesema. Kisha akanyoosha mkono aichukue na ile nyingine, aiangalie tu. Nikaiwahi, nikaitupa kwenye moto wa jiko, chini ya sufuria ya maharage ya watoto. Akashangaa. Nikamwambia kura isiyochaguliwa inachomwa, isije ikaleta majaribu. Fundisho hilo sijui nililitoa wapi. Lilitoka kama limekaa seminari miaka saba.

Jumapili iliyofuata akasimama kanisani akashuhudia. Watu wakapiga makofi, na lile fundisho la kuchoma likapendwa kuliko mahubiri. Kwaya ilikuwa imekwama kwenye rangi ya sare mpya, wakaniomba niwaandikie kura. Mimi nilikuwa na jora la zambarau limenilalia ndani tangu mwaka juzi. Wanakwaya, hilo nalo mnisamehe.

Nikaanza kujiona mjanja. Wiki tatu nikalala usingizi wa mtoto. Halafu siku moja saa nne asubuhi nikasikia mbuzi analia mlangoni.

Alikuwa mama mkwe. Ana mbuzi mmoja, kuku sita kwenye tenga, gunia la udaga, ule muhogo mkavu wa kusaga, na kigoda chake kichwani.

"Nimesikia Mungu amesema mwanangu abaki Musoma," akasema, akinisalimia vizuri tu. "Sasa mimi kule nabaki na nani? Nimetii, nimekuja."

Alikuwa amekwisha maliza kila kitu. Ng'ombe kawapeleka kwa kaka yake kule Nyamuswa wamtunzie. Shamba kampa jirani alilime msimu huu. Nilibaki nimeshika mlango. Yule mama niliyemkimbia Butiama alikuwa anapita pembeni yangu anauliza chumba cha kulala ni kipi.

Ndugu zangu, vyumba viwili! Mwenye nyumba alikataa mbuzi kufungwa uani, tukamfunga kwenye mguu wa cherehani. Siku ya nne akala mkono mzima wa gauni la zambarau la mwanakwaya wa sauti ya kwanza. Nilipotaka kumpiga, mama mkwe akasema mnyama hana kosa, kosa ni la aliyemweka karibu na nguo. Ugali nao ukachukuliwa. Akawa anasonga yeye, na wanangu, watoto niliowazaa mwenyewe kwa uchungu, wakawa wanaomba kuongezewa.

Hayo yote ningeyavumilia. Nilisema ni fimbo yangu, acha inichape. Lakini ikaja simu kutoka Bunda.

Dereva mwenzake Baba Neema alipiga kusema kuna tajiri wa mpunga pale Bunda anataka mtu wa lori, mshahara kila mwezi, aanze Jumatatu. Nilisikia nikaruka! Nikatoa shati lake jeupe, nikawasha mkaa wa pasi. Yeye akaifumbata simu mkononi.

"Bunda haikuwepo kwenye kura," akasema.

Nikamwambia Bunda ni hapo tu, mtu anaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nikamwambia haikuwepo kwa sababu sisi hatukuiandika. Akanijibu kwamba ndiyo hasa, Mungu hakutuongoza tuiandike. Mama mkwe akaitikia amina. Baba Neema akampigia mwenzake, akamshukuru, akaikataa kazi. Na mimi nilifanya nini? Nilipiga lile shati pasi mpaka ukosi ukang'aa, kwa kuwa kufungua mdomo kungekuwa kufungua na mengine.

Baada ya hapo akawa anashinda mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhusha, akibeba makreti ya samaki kwa wenye boti. Mgongo ulimuuma. Mara nyingine alipewa sato wawili badala ya hela, akaja nao akitabasamu, anasema Mungu ana kusudi lake. Kila aliposema kusudi, nilikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Halafu akaacha kulisema. Mchana mmoja akaniambia kwamba huenda alimkosea Mungu mahali fulani, ndiyo maana amemweka Musoma halafu amemnyamazia. Akaanza kujichunguza. Akakumbuka mtu ambaye yeye alimtukana barabarani zamani, akamtafuta kwa simu akamwomba radhi. Mume wangu alikuwa anatafuta dhambi kwake, na dhambi ilikuwa inashona pembeni yake.

Mvua zikaanza. Mama mkwe akawa anasimama mlangoni asubuhi, ananusa udongo. Siku ya tatu ya mvua, Baba Neema akiwa amekaa anakanda mgongo wake, mama akaniletea daftari la Neema na kalamu.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Ila nimeona Mungu anaupendaga mkono wako. Niandikie mbili. Nijue kama nirudi kwetu au nibaki."

Mnaona mtihani huo? Nilihitaji kuandika BUTIAMA mara mbili tu, mama aende zake na mbuzi wake! Niliandika ya kwanza, BUTIAMA, kwa herufi nzuri. Nikashika ya pili. Na yeye akafumba macho vile vile kama mwanawe, akaanza kumshukuru Mungu kwa mkamwana aliyempa.

Kalamu ilinianguka. Nikalia kwanza, tena kilio kibaya cha makamasi, wakadhani kuna msiba. Halafu nikasema yote. Karatasi mbili, Musoma mbili, jiko, sufuria ya maharage. Hata zambarau nikaisema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake akaangalia viganja vyake.

"Kumbe niliacha shamba langu," akasema, "kwa mwandiko wako."

Nilimwona Baba Neema anahesabu moyoni, makreti, mgongo, yule mtu aliyemwomba radhi bure. Mwisho akaniuliza swali moja.

"Na Bunda?"

Bunda ilikuwa imeshapata dereva.

Mama akainuka. Nilifikiri anakwenda kufunga mizigo, kumbe alikwenda penye vyakula. Akarudi na punje moja ya hindi na harage moja. Akachukua ile ile kofia ya Jumapili, akazitia ndani, akasema hindi ni Butiama kwa sisi sote, harage ni kubaki hapa hapa sote. Akanisogezea mimi.

Nikaingiza mkono. Ndugu msomaji, nikagundua jambo la kutisha. Hindi lina ncha na harage lina tumbo! Mtoto wa miaka mitatu angezitofautisha kwa vidole. Nilikuwa najua kabisa kipi ni kipi. Ningeweza kuiba tena, mchana kweupe, na hakuna ambaye angeniona.

Niliangalia juu. Mume wangu alikuwa ananitazama. Safari hii hakufumba macho.

Nikiwa nimesimama hapo, mkono ndani ya kofia, ndipo nilipomwomba Mungu kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote. Zile siku tatu za kufunga sikuwa nimeomba, nilikuwa nangojea tu mume wangu amalize. Nikamwuliza, Wewe unataka nini? Hakunisemesha. Lakini nikaziona zile buti zilizofutwa vumbi. Nikaona mama wa watu mlangoni ananusa udongo ambao si wake. Nikaogopa jembe, naapa, nililiogopa sana.

Nikatoa hindi.

Mama akalipokea, akalifunga kwenye pindo la kanga yake. Nikamwambia ukweli, maana nilikuwa nimechoka na uongo, kwamba nililijua kwa vidole.

"Nani asiyejua hindi kwa vidole?" akasema. "Mungu mimi nilishamwuliza, tena siku nyingi. Aliyekuwa hajaulizwa ni wewe."

Nawaandikia haya nikiwa Butiama. Jirani alikuwa ameshapanda, akatuachia nusu ya shamba, na nusu nyingine tunaipita tukiitazama tu. Ng'ombe wamerudi kutoka Nyamuswa. Baba Neema analima nao, na kwa wiki mbili za mwanzo alizungumza nao kuliko alivyozungumza na mimi. Wiki ya tatu aliniomba chumvi, nikalia kwa furaha jikoni. Kuniamini bado anajifunza. Nikimwambia maji yamechemka, anafunua sufuria kuangalia.

Cherehani nimeiweka senta, pale penye maduka, nashona sare za shule, nyeupe na bluu, rangi ambazo hazihitaji kura. Mikono imetoka malengelenge ya jembe, yamepasuka, yamekuwa sugu. Mchungaji nimemwambia, na yeye akaniambia niwaambie wengine kabla mchezo wa kuchoma karatasi haujafika majimbo mengine. Ndiyo maana naandika.

Ewe uliye kwenye kipindi kigumu, umefunga, umepiga magoti, unataka Mungu akuonyeshe njia. Jiangalie kwanza kama jibu hujaliandika tayari mfukoni. Mimi nilipoteza kazi ya mume wangu na nusu ya shamba la mama kwa kumwuliza Mungu swali ambalo nilikwisha kulijibu. Mama mkwe bado anasema ugali wangu umelegea, na sasa namkubalia, umelegea kweli. Ukienda kumwuliza Mungu, nakuomba, mwachie hata karatasi moja ya kwake.