Simu Niliyompigia Mama Kutoka Kasrini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikijaribu kuisahau ndipo inapozidi kusogea karibu. Nilikuwa kijana, thelathini sijaifikisha, nimevaa raba mpya, nimesimama mbele ya kasri la wafalme wa China mjini Beijing, na nilikuwa nacheka. Hilo la kucheka ndilo linaloniuma mpaka leo. Lakini niache niende taratibu, kwa sababu nikianzia mwisho utadhani nimekuja kusema watu vibaya, na watu wenyewe niliwapenda, nawapenda hata sasa.

Wakati huo nilikuwa mhandisi mchanga katika ofisi moja ya Kista, hapa Stockholm. Ninyi mnaopanda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, asubuhi kule Norsborg mkasinzia mpaka katikati ya mji, njia hiyo mimi niliisinzia kabla hamjazaliwa. Nilikuwa nakaa Hallunda na mama yangu na dada yangu Mwanahawa. Mama tulimleta kutoka Tanzania baada ya baba kufariki, na katika sanduku lake alikuja na picha moja ya kalenda. Alipokuwa msichana, Wachina waliokuja kujenga reli walipiga kambi jirani na kwao, na mmoja wao akampa babu kalenda. Mwaka wake ulikwisha, tarehe zikachanwa, ikabaki picha: lango kubwa jekundu lenye paa la njano, na watu wadogo wadogo mbele yake. Mama aliitundika jikoni kwetu, juu ya friji. Wageni wakimuuliza kama amewahi kufika huko, alikuwa akiwajibu kwamba angekuwa amefika asingekuwa na haja ya kuitazama.

Ofisi iliponituma Beijing kwa majuma mawili, nilitazamia dua ya safari, basi. Mama akanishika mkono.

"Zuhura, picha hii inaonyesha mbele tu," aliniambia. "Miaka yote natazama mbele. Wewe ukiingia, angalia nyuma ya lango kuna nini, uje unihadithie. Usihangaike na kitambaa wala majani ya chai. Niletee maneno."

Nikamwahidi. Kumwahidi mama jambo jepesi namna hiyo kuna ugumu gani.

Basi Jumamosi ya mwisho, kazi imekwisha, nikaingia kasrini na wenzangu wawili wa ofisini, Waswidi, tukiongozwa na msichana wa Kichina aliyekuwa ameinua mwavuli uliofungwa ili tusimpoteze kwenye umati. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikuwa nakariri, midomo inacheza, mpaka mmoja wao akaniuliza kama naswali.

Nyuma ya lango, mwanangu, kuna uwanja, na uwanjani kuna mfereji uliopinda wenye madaraja ya mawe meupe. Ukivuka unakutana na lango jingine. Nyuma ya hilo kuna uwanja mwingine, mpana mno, wa mawe matupu, hauna mti hata mmoja. Yule msichana alituambia kwamba wanasema miti haikupandwa ili mtu mbaya asipate pa kujificha. Halafu zinakuja kumbi kubwa, moja baada ya nyingine, juu ya ngazi za mawe, na ndani mna kiti cha enzi ambacho unakichungulia mlangoni huku watu wanakusukuma mgongoni. Katikati ya ngazi limelala jiwe refu ajabu, limechongwa majoka na mawingu. Jiwe hilo, alisema, lilikokotwa wakati wa baridi juu ya barabara iliyomwagiwa maji yakaganda. Hapo ndipo nilipocheka. Mama alikuwa akiilaani barafu ya Hallunda kila Januari, na nilijua kwamba nikimwambia barafu imewahi kubeba jiwe la mfalme, atanijibu neno ambalo tutalicheka mwaka mzima.

Kila mlango ulikuwa na kizingiti kirefu, huruhusiwi kukikanyaga, unainua mguu na kuvuka. Nikawaza magoti ya Mama. Nikasema, huyu angekuja hapa tungembeba, na angefurahi kubebwa.

Ukizidi kwenda ndani, nyua zinakuwa ndogo na kuta zinakubana. Huko ndiko walikokaa wake za mfalme. Msichana wetu alisema wengi waliingia wakiwa wadogo, na baada ya hapo kumwona mama mzazi ilikuwa bahati ya wachache. Mfalme naye, akasema, habari za nchi yake alizipata kwa vinywa vya waliomzunguka, na habari mbaya waliweza kuipunguza au kuichelewesha, kwa kumhurumia au kwa kujihurumia wenyewe. Nilimsikitikia yule mfalme. Nilimsikitikia kweli, nikiwa nimesimama pale na simu yangu mfukoni.

Mwisho wa kasri ni bustani yenye miti mizee. Simu za mkononi zilikuwapo siku hizo, ila kupiga kutoka nchi za mbali kulikuwa anasa. Sikujali. Jumatatu nilikuwa narudi, lakini maneno yalikuwa yamenijaa mpaka kooni. Nikakaa kwenye jiwe, nikampigia Mwanahawa. Stockholm ilikuwa asubuhi.

"Mpe Mama simu," nikamwambia, hata salamu sijamaliza.

Akanijibu, "Mama amelala."

"Saa hizi? Mama analala saa hizi?"

"Usiku hakupata usingizi vizuri. Niambie mimi, dada. Mimi nitamwambia."

Nikamwambia yote. Mfereji, madaraja, jiwe, barafu, vizingiti. Kila nikipumzika ananiambia, "Endelea," na sauti yake ilikuwa nzito, nikadhani ana mafua. Nyuma yake nilimsikia mwanamke akizungumza Kiswidi kwa upole. Nikadhani ni redio.

Jumatatu nikatua Arlanda. Nilimtarajia Mwanahawa peke yake, kwa sababu watu wa kwetu hawaachi kazi kumpokea mtu aliyesafiri majuma mawili tu. Mlango ukafunguka, nikaona kundi zima. Akina mama wamejitanda kanga. Vijana wamevua kofia. Mbele yao Mzee Isa, Mganda aliyekimbilia Sweden ujanani, yeye ndiye aliyekuwa akituozesha na kutuzika, na neno lake Waswahili wote wa kwetu Botkyrka walilifuata. Walinikumbatia, wakaniuliza habari za ndege, wakanibebea sanduku. Hakuna aliyemtaja Mama. Njia nzima hakuna aliyemtaja. Tulipofika nyumbani walinikalisha, wakanipakulia wali, wakasema nile kwanza. Nami nilikula, mwanangu. Nilijua, na nilikula, kwa sababu nilihisi kwamba sahani ikiisha ndipo watakaposema.

Mama alikuwa ameanguka jikoni Jumatano. Alikaa hospitali mpaka Jumapili, akafariki. Mzee Isa ndiye aliyekata neno kwamba nisiambiwe, na wote wakaona ni busara.

Nilimuosha kwa mikono yangu mwenyewe. Nikiwa namuosha nilimwinamia sikioni, nikamhadithia kasri lote, lango kwa lango. Mwanahawa alitoka nje. Wanawake wengine waliniacha, walidhani nasoma dua.

Siku ya tatu ya matanga nililipuka. Nilimwambia Mzee Isa maneno ambayo mtoto hamwambii mzee, mbele za watu. Hakunikatiza. Nilipoishiwa ndipo akasema, kwa kile Kiswahili chake cha Kampala:

"Sikiza, mwanangu. Habari ya mama yangu mimi nilipata kwa simu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, theluji iko nje, niko kwa chumba peke yangu. Hakuna mutu wa kunishika hata mkono. Nikaapa, mtoto wa mutu mwingine hatapata hivyo kama mimi niko. Tulikuhifadhi. Leo unatutukana."

Ungemjibu nini? Maumivu yake yalikuwa ya kweli, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Nilimwomba radhi, akanipa, akanishika kichwa. Nikajilazimisha kuamini kwamba kweli nilihifadhiwa, na kwamba Mama alikuwa amelala pale nilipopiga.

Miaka ikapita. Mzee Isa tukamzika. Ramadhani moja mimi na Mwanahawa tulikuwa jikoni tunachambua mchele, tunaongea mambo ya watoto, mara akaacha kuchambua.

"Alikuwa macho," akasema.

"Nani?"

"Mama. Siku ile ulipopiga. Alikuwa ameegeshwa kwenye mito, anakunywa maji, nesi anazungumza naye. Mzee Isa yuko mlangoni, akanitikisia kichwa. Nikatoka na simu. Niliporudi Mama akaniuliza, 'Ni Zuhura?' Nikamwambia siyo, ni watu wa kazini kwangu."

Nikausukuma ungo wa mchele kando.

"Dada, ningesema ni wewe angeitaka simu. Angezungumza, na sauti yake ungeisikia, ungejua."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Labda hajapata nafasi ya kuingia.' Akageukia ukutani. Sikumsikia tena akiuliza."

Nikamuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalijua, kama alimwambia habari za mfereji na lile jiwe. Mwanahawa alilia kilio ambacho sikumsikia akilia hata msibani. "Ningemwambiaje? Ningesema nimezitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa walichokifanya, na wao wenyewe hawakukijua. Ili wanifiche ugonjwa wa Mama, iliwabidi wamfiche Mama mimi. Huwezi kuziba upande mmoja tu. Mimi nilibaki mzima, nikapata miaka ya kulia na watu wa kunishika mkono. Yeye alikuwa na siku moja, na siku hiyo aliondoka nayo akidhani kwamba mwanawe yuko Beijing anatembea, na hata simu hajapiga. Jambo hilo halina pa kurekebishiwa. Hakuna wa kumwendea kumweleza. Mwanahawa hatazamani nami sawasawa tangu siku ile, nimemwambia nimemsamehe mpaka neno limechakaa. Dua nasoma. Sitawadanganya kwamba moyo umetulia. Haujatulia, na sasa nimezeeka, sidhani utatulia.

Ungefikiri basi, kwa mzigo huu, angalau mwingine ningemwokoa. Majira ya baridi yaliyopita, baba wa kijana mmoja wa Norsborg, Baraka, alilazwa, naye Baraka yuko masomoni Kanada. Tukaitwa wazee kushauriana, maana siku hizi mzee ni mimi. Nikawaambia mpigieni simu leo, mwekeeni baba yake sikioni. Mama yake, Mkongo wa Bukavu, akanijibu kwa upole, "Hapana, maman Zuhura. Iko peke yake kule, na mitihani. Tutamwambia akifika." Nikawahadithia haya niliyokuhadithia wewe, mpaka lile la mchele. Walilia. Walinishukuru, wakaniongezea chai. Hawakupiga.

Baba akafariki kabla mwanawe hajafika, nasi tulikwenda Arlanda magari kadhaa. Nilisimama katika lile kundi, mwanangu, nimejitanda kanga, nikamwona Baraka anatoka anatabasamu, macho yake yakatuhesabu, na tabasamu likaondoka. Akaniuliza mimi, kwa Kiswidi, kama baba yake alimuulizia. Nikambebea sanduku.

Ndiyo maana wazee wenzangu nimewaacha, nasema nanyi mliozaliwa hapa. Msije mkadhani watu wetu ni wabaya. Wanaficha kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yanayowafanya wasisikie. Nanyi mtaambiwa, "Usimwambie dada yako, atachanganyikiwa," na mtaona ni heshima kutii. Msitii. Mtu akiugua, mpigie mwanawe siku hiyo hiyo, awe Malmö au awe mwisho wa dunia. Ukiogopa yuko peke yake, mtafutie jirani wa kumgongea mlango, wa msikitini au wa kanisani, au kaa naye wewe kwenye simu mpaka alie na anyamaze. Mgonjwa akiwa na pumzi, mwekee simu sikioni, hata kama hasemi. Na mgonjwa akiuliza, "Ni mwanangu huyo?", naye ni mwanawe, sema ndiye. Likikushinda lolote katika haya, hilo moja usishindwe nalo.

Sina matumaini makubwa kwamba mtanisikia. Nimeliona kundi la Arlanda mara mbili, na nadhani nitaliona tena. Lakini dua hainigharimu kitu. Mungu awakuze, mwanangu, awape kazi na afya, awaachie wazazi wenu mpaka wazeeke mikononi mwenu. Na siku ya kuagana ikifika, awakutanishe nao wakiwa bado wanaijua sauti yenu, wakijua kwamba mlipiga. Mama yangu hakujua. Amina.