Mistari ya Chepchumba

Chepchumba wa Kabazi ana miaka sitini na miwili, ng'ombe watatu, na tabia moja isiyo na dawa: hatoki nyumbani miguu ikiwa imepauka. Atakwambia mtu huangaliwa miguu kabla ya uso. Tabia hiyo nusura imponze.

Kovu la uji wa moto alilolipata utotoni, kwenye muundi wa kulia, lilifumuka likawa kidonda kisichopona. Kumbe ni saratani ya ngozi. Daktari wa Nakuru hakumficha: wangeichoma kwa mionzi mara ishirini na tano, na isiposikia, mguu ungekatwa chini ya goti. Chepchumba aliwaza atachuchumaa vipi kukamua kwa mguu mmoja, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa kifo.

Walimchorea mistari ya wino kuzunguka kidonda ili mashine ijue pa kulenga, wakamwonya asiifute wala asiipake kitu. Siku saba alitii. Asubuhi ya nane, mawazo yakiwa zizini, aliipaka miguu yote miwili mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe, akapangusa kwa kitambaa. Mistari ikaondoka na kitambaa.

Aliogopa kufokewa, akaogopa zaidi kurudishwa nyumbani. Basi akachomoa biro iliyokuwa ndani ya Biblia, akachora mistari upya kwa kukumbuka, na kwa ujasiri wa ajabu akajisifu kwamba mkono wake haujambo.

Hospitalini, Fancy, mwendesha mashine, alimlaza, akamfunika kidonda kwa kitambaa chenye maji ili mionzi ishike vizuri juu ya ngozi. Taa zilikuwa zimepunguzwa.

"Usitingishike, mama," alisema, akaelekea mlangoni.

Chepchumba alilala pale akimtazama akienda. Mlango ulipoanza kufungwa, alishindwa kuvumilia.

"Fancy, ngoja! Hizo laini ni mimi nimechora!"

Fancy alirudi, akawasha taa, akalinganisha mguu na picha ya siku ya kwanza. Akapima tofauti kwa vidole.

"Umeenda kando karibu vidole viwili, mama. Tungechoma nyama poa, halafu cancer tuiache hapo ikikula tu."

Chepchumba alilia waziwazi, bila kujali nani anamwona. Alijivuta akakaa, akaupeleka mguu mbele kwa mikono yote miwili.

"Chora tena, msichana wangu," alisema. "Chora hata na kisu."