Daftari la Wasomaji

Juzi nilikuwa kwenye chumba cha kusomea cha serikali, huku Temeke. Akaingia mwalimu mmoja mtu mzima, katoka Kinondoni kwa miguu, akaomba kitabu.

"Vimo kabatini, Mwalimu," karani akamwambia. "Ufunguo anao Bwana Mkubwa, naye yuko likizo kwao Ulaya."

Mwalimu akavaa miwani, akainama, akasoma majina ya vitabu kupitia kioo, kimoja kimoja.

"Usiguse kioo, tafadhali. Sasa tia sahihi daftari la wasomaji."

"Kwani nimesoma nini?"

"Tia tu, Mwalimu. Bwana akikuta daftari tupu atasema Waafrika hawasomi, chumba kifungwe."

Mwalimu akatia sahihi, chini ya jina langu. Mie tangu Ramadhani sijakosa hata wiki moja, na kitabu sijakishika.