Boliti za Upande wa Kulia

Fundi Futi hakuwa mtu wa kupendeka, na hakujisumbua kupendeka. Jina hilo alipewa kwa ajili ya futi ya chuma aliyoining'iniza kiunoni tangu afungue gereji yake, miaka ishirini na miwili iliyopita, na ambayo aliichomoa hata nyumbani ili kumwonyesha mkewe kwamba pazia limekaa upande. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Mdomo, Mungu amsamehe, ulikuwa asidi ya betri.

Aliyemvumilia gerejini ni mmoja tu, shemeji yake, kaka wa mkewe. Kwa miaka tisa mtu huyo alifundishwa kazi kwa matusi na akaishika barabara, kimya kimya.

Jumatatu moja mama mmoja, daktari wa mifugo, alirudisha pikapu yake. Wiki iliyopita mafundi hao wawili walikuwa wameiinua kwa springi ndefu, isigonge mawe akienda kwa wafugaji wake. Sasa ilisimama imelalia kushoto. Mama huyo, ambaye naye hana dogo, alimwambia Futi mbele ya wateja wote kwamba ng'ombe akisimama hivi huwa anamkagua kwato, lakini fundi akisimamisha gari hivi hajui amkague wapi.

Watu walicheka. Futi alikunja uso, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia kisha kushoto. Kushoto kulipungua sentimita tatu. Hakuuliza wala hakukagua. Alimgeukia shemeji yake na kumwambia amechanganya springi, ya kulia ameifunga kushoto. Shemeji akajibu kwamba alisoma alama zake kabla ya kufunga.

"Miaka tisa, na kushoto na kulia hukujui," alisema Futi. "Beba spana zako, shemeji. Nilikuchukua kwa ajili ya dada yako, si kwa ajili ya akili yako."

Hapo hata waliokuwa wakicheka waliangalia chini. Shemeji alifuta mikono kidole kimoja kimoja, akasema sanduku lake atalifuata kesho, akaondoka.

Habari ilimtangulia Futi nyumbani. Mkewe alitua sahani mezani kwa kishindo na kumpa neno moja la mwisho: mpaka amwombe radhi kaka yake, na kaka akubali, wasisemeshane. Futi, mtu wa kufa na tai shingoni, alijibu kwamba ataomba radhi siku springi zitakaposema amekosea.

Asubuhi alizifungua. Alama zilikuwa sawasawa, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Akadai waliozichora alama ni waongo, akazibadilisha upande, akashusha gari, akapima. Kama kosa lingekuwa la springi, sasa gari lisingelalia kushoto tena. Lililalia kushoto vilevile, sentimita zilezile tatu. Akazirudisha springi kila moja mahali pake.

Futi alikaa juu ya tairi kuukuu, na ndipo alipokumbuka, na kumbukumbu hiyo ilimchoma. Siku ile ya kuinua, daktari alisimama juu ya kichwa chake akipiga kelele kwamba kuna ng'ombe ameshindwa kuzaa. Futi, ili amwondoe, alikaza boliti za kulia zinazobana bushi, ile mipira ya kwenye maungio, gurudumu likiwa bado linaning'inia. Shemeji, upande wa kushoto, alingoja gari litue chini kwanza. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni Futi, kwa kumpiga na kitambaa cha grisi: mpira wa bushi ukikazwa gari likiwa hewani hujisokota, na gari likishuka unalizuia lisitue. Kushoto kulikuwa kumetua sawasawa. Kulia ndiko kulikogoma kushuka.

Wakati huohuo daktari alifika kuulizia gari lake, na nyuma yake shemeji, aliyefuata sanduku. Futi angeweza kungoja waende, alegeze boliti kimyakimya, na siri ingekufa naye. Aliliwaza hilo, tusimsingizie utakatifu. Kisha akachukua spana na kuingia uvunguni.

Alizilegeza boliti za kulia moja baada ya nyingine. Pikapu ililia, ikatikisika, upande wa kulia ukatua. Hata asiye fundi aliona imekaa sawa.

"Kumbe ni boliti?" aliuliza daktari. "Alizikaza nani?"

Kutoka uvunguni, Futi aliona viatu vya shemeji yake pembeni ya gurudumu, havitikisiki.

"Mimi," alisema.

Spana ilikuwa imemponyoka ikabingirika nje. Shemeji aliinama, akaiokota, akamrudishia mkononi.

"Kaza sasa," alisema. "Liko chini."

Kisha akainua sanduku lake la spana, akaliweka begani na kwenda zake. Futi alikaza boliti peke yake, akapima mara tatu, ingawa mara moja ilitosha.

Jioni alimwambia mkewe kwamba springi zimesema. Mkewe alimsogezea simu tu. Futi alimpigia shemeji yake mara nne, na mara zote nne simu iliita hadi ikakatika. Mkewe aliinuka, akaondoa sahani mezani, akaenda kulala bila kumsemesha.